UZI: Gharama za talaka, pesa inatoka wapi na inavujia wapi

KaraniMasjala (mleta uzi)

Wakuu, swali hili halikauki: "Talaka bei gani?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Ada ya mahakama ya kufungua shauri inajulikana, imebandikwa masjala au kwenye tovuti ya mahakama, na mara nyingi ndiyo kipande kidogo kuliko vyote. Kinachokula pesa ni idadi ya mambo mnayobishania, zidisha kwa saa ambazo watu wanaolipwa kwa saa wanatumia kuyabishania.

Kabla hujaongea na wakili yeyote, chukua karatasi ugawe talaka yako mafungu manne: kuvunjwa kwa ndoa yenyewe, watoto, mali na madeni, na matunzo. Mbele ya kila fungu andika "tumekubaliana", "bado" au "hatutakubaliana kamwe". Fungu la kwanza mkilikubali wote wawili ni makaratasi tu. Bili nene hutoka fungu la tatu, na ikitokea fungu la pili likawaka moto, hapo hakuna anayeweza kukutajia mwisho wake.

Kwa upande wa mahakama jiandae kwa haya: ada ya kufungua ombi, gharama ya kupeleka samansi kwa mwenzako, kiapo kwa kila hati inayohitaji kuapiwa, ada ya kila maombi madogo utakayopeleka katikati ya shauri, na nakala zilizothibitishwa za hukumu na hati ya talaka mwishoni. Watu hupiga hesabu ya kipengele cha kwanza wakasahau vinne vinavyofuata. Maombi madogo ndiyo mchwa wa shauri. Kila moja lina ada yake, hati yake ya kiapo, majibu ya upande wa pili na tarehe yake ya kusikilizwa.

Kama huna uwezo, uliza fomu ya msamaha wa ada KABLA ya kulipa. Mahakama nyingi zinayo, lakini ukishalipa kurudishiwa ni kazi nyingine. Na fomu hiyo inarudishwa zaidi kwa sababu moja: mwombaji ameandika kipato bila kuambatisha uthibitisho.

Mpeleka_Wito

Niongeze kwenye samansi, maana hapo shauri hukwama hata kabla halijaanza. Mahakama haiendelei mpaka ithibitishiwe kwamba upande wa pili amepata nyaraka. Makosa ni yale yale: anwani ya zamani, jina lisilofanana na lile la cheti cha ndoa, au mwombaji mwenyewe kumkabidhi mwenzake bahasha mkononi, jambo ambalo mahakama nyingi hazilikubali.

Akiwa hapatikani, unaomba kibali cha kumfikishia wito kwa njia mbadala: tangazo gazetini, ndugu anayeishi naye, wakati mwingine barua pepe au ujumbe wa simu. Hilo ni ombi linalojitegemea, na ndani yake lazima uonyeshe ulimtafuta wapi na tarehe gani. "Nimemtafuta sana sikumwona" hairidhishi. Andika tarehe, mahali ulipokwenda na jibu ulilopewa.

Akiwa nchi nyingine, angalia kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1965 unaohusu upelekaji wa nyaraka za mahakama nje ya nchi. Zikiwamo, nyaraka kwa kawaida hupitia ofisi iliyoteuliwa na serikali ya huko, na mara nyingi hudaiwa tafsiri. Bajeti ya tafsiri rasmi wekeni mapema, kwa sababu mtafsiri hutoza kwa ukurasa au kwa neno, na viambatisho navyo ni kurasa.

Mgeni_Hapa

Shukrani wakuu. Sasa wakili anatoza vipi? Nimeambiwa wengine wanachukua asilimia ya mali utakayopata, ni kweli?

WakiliMezani

Ndugu Mgeni, kwenye talaka kuwa macho na hiyo asilimia. Sehemu nyingi imekatazwa au ina masharti makali. Marekani, kwa mfano, kanuni za mwenendo wa mawakili zinakataza ada inayotegemea kupatikana kwa talaka au kiasi cha matunzo na mali. Sababu yake ni nyepesi: wakili mwenye fungu lake ndani ya talaka hana hamu ya kuona mnapatana.

Utakutana na namna tatu. Ya kwanza ni bei moja kwa kazi nzima, na inafaa pale mlipokubaliana kila kitu. Ya pili ni kwa saa, ukitanguliza kianzio. Watu hudhani kianzio ni bei yote, kumbe ni pesa inayowekwa kwenye akaunti ya wateja na kukatwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyofanyika. Ikiisha, unaombwa ujazie. Ya tatu ni kulipia kipande: unaandika na kufungua mwenyewe, wakili anakulipisha kusoma rasimu au kukuwakilisha siku moja tu. Hii ya tatu watu hawaiulizi, na kwa talaka isiyo na mali nyingi inatosha.

Kabla ya kusaini, uliza haya na yaandikwe kwenye mkataba: nani hasa atafanya kazi na bei yake kwa saa, safari na muda wa kusubiri mahakamani vinatozwa au la, fotokopi na simu viko ndani au nje, bili inakuja kila mwezi au mwisho, na kianzio kisichotumika kinarudi lini.

Halafu uliza kipimo kidogo cha muda. Ofisi nyingi zinahesabu kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu moja ya kumi ya saa. Barua pepe ya mstari mmoja inayosomwa kwa sekunde 40 inaandikwa 0.1. Jibu lake, 0.1 nyingine. Ukituma barua 5 kwa wiki, kila moja ikiwa na swali lake, umetumia saa nzima. Maswali hayo hayo matano, yakiwa na namba na kwenye barua moja, yanasomwa kwa 0.1 na kujibiwa kwa 0.3. Umebakiza zaidi ya nusu ya saa bila kupoteza swali hata moja.

Na jamani, wakili si mtu wa kumlilia saa tano usiku. Anasikiliza, tena kwa adabu zote, lakini mita inasoma.

Shangazi_Mwenye_Kalamu

Wanangu, hapo kwenye 0.1 msome mara mbili. Na bili ikija isomeni mstari kwa mstari. "Maandalizi, saa 3" si maelezo. Maandalizi ya nini, ya tarehe gani? Mteja ana haki ya kuuliza, na akiuliza mwezi wa kwanza, za miezi inayofuata huja zimeandikwa vizuri.

Mgeni_Hapa

Shikamoo shangazi. Nimekusikia. Kwa hiyo nikipunguza barua pepe nimeokoka?

WakiliMezani

Hapana, hapo umepunguza chenji. Pesa kubwa iko kwenye siku za kusikilizwa. Chukua siku moja ya kawaida: maandalizi saa 1 na nusu, kwenda na kurudi saa 1, kusubiri zamu yenu saa 1 na nusu. Saa 4 hizo. Mnaingia ndani, upande wa pili hawajaleta taarifa za benki, shauri linaahirishwa kwa dakika 10. Saa 4 umelipa na hakuna kilichosogea.

Sasa pigia hesabu vyombo vya ndani. Tuseme makochi, jokofu na kabati vikiuzwa leo kama mitumba vinaleta pesa ya saa 10 za wakili. Mnagombania nusu, kwa hiyo kila mmoja anapigania thamani ya saa 5. Mkienda siku mbili, kila siku saa 4, mawakili wawili: saa 16. Mmeteketeza jokofu na makochi, na bado hamjajua nani anachukua.

Ndiyo maana nawashauri watu kabla ya kubisha jambo lolote waandike namba mbili ubavuni: thamani yake kwa bei ya leo sokoni, si ya kununulia, na gharama ya kulibishania mpaka mwisho. Ya pili ikizidi ya kwanza, toka. Isipokuwa kama kitu chenyewe hakina mbadala, kama picha za marehemu wazazi. Hapo tengenezeni nakala.

Mthamini_77

Nije kwenye nyumba, maana ndipo hesabu inapowachanganya hata wasomi.

Tuseme nyumba ina thamani 100. Benki inadai 40. Kuuza kunagharimu 5, dalali na sheria pamoja. Mkiuza, zinabaki 55, kila mtu 27.5. Sasa mmoja anasema, "Mimi nabaki nayo, nakulipa chako." Watu huchukua 100 wakatoa 40, wakagawa 60 kwa mbili, akalipa 30. Mwaka unaofuata aliyebaki anashindwa rejesho, anauza. Anapata 55, toa 30 alizolipa, amebaki na 25. Mwenzake alishaondoka na 30. Gharama yote ya kuuza imemwangukia mmoja, na kodi ya faida ya kuuza mali kama ipo nayo ni yake. Sisemi 5 lazima itolewe. Kama kweli ataishi humo miaka 20 si haki sana kuitoa. Nasema ijadiliwe, isipite kimyakimya.

La pili: mthamini mmoja, aliyeteuliwa na wote wawili, kwa barua moja ya maelekezo. Kila upande ukileta wake, ripoti zinapishana, anatafutwa wa tatu, na siku ya ushahidi wote wanaitwa kuhojiwa, kila mmoja na ada yake ya siku. Barua ieleze: thamani ya soko, siku ya tathmini, nyumba ikiwa na wapangaji au tupu, na nani analipa. Kipengele hicho cha mwisho kikisahaulika, ripoti inakaa kwenye droo ya mthamini mpaka mgombane upya.

La tatu, ripoti inachakaa. Shauri likivuta mwaka mzima, mahakama au upande mmoja atataka mpya. Msiagize tathmini mwanzo kabisa kama hata orodha ya mali hamjakubaliana.

Hesabu_Kavu

Mkuu Mthamini kanena. Mimi nagusa biashara na pensheni. Biashara ya familia isiyo na vitabu ndiyo kazi ghali kuliko zote, kwa sababu mhasibu analipwa kwanza kutengeneza hesabu ambazo hazikuwapo, ndipo azichambue. Ukiwa na daftari la mauzo, taarifa za benki za miezi 12 na ritani za kodi, kazi inapungua sana. Vipange kwa mwezi, ondoa marudio. Ukimpelekea mtu boksi la risiti zilizokunjwa, atazipanga yeye kwa bei ya mtaalamu.

Pensheni: 30 iliyo kwenye mfuko wa pensheni si sawa na 30 taslimu. Taslimu unaila leo. Ile unaisubiri, na sehemu nyingi itakatwa kodi ukiichukua. Anayebadilishana nyumba kwa pensheni namba kwa namba bila kumuuliza mtaalamu, mmoja wao anaumia bila kujua ni yupi.

DawatiMikopo

Nimeona uzi mzima hakuna aliyetaja benki, na huku ndiko watu wanakotuletea hukumu mkononi wakidhani wamepona.

Hukumu ya talaka inawafunga nyinyi wawili. Haimfungi mkopeshaji. Ikisema "mume atalipa mkopo wa gari" na mkopo una saini zenu wote, mume asipolipa benki inamfuata mke na iko sahihi kabisa. Mke atabaki na haki ya kumdai mume, ambayo ni kesi nyingine yenye gharama nyingine. Dawa yake ni kulipa na kufunga mkopo, au aliyebaki nao akope upya kwa jina lake peke yake, na makubaliano yaandike tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo na nini kitatokea ikipita, kwa kawaida mali iuzwe.

Kuhamisha mkopo kwa jina moja kuna ada ya maombi, tathmini mpya ya benki, usajili wa rehani mpya, na pengine adhabu ya kuvunja mkataba wa awali mapema. Kikubwa zaidi, benki inaweza kukataa: mkopo ulipitishwa kwa mishahara miwili, sasa upo mmoja. Njooni muulize kabla ya kusaini makubaliano.

Mgeni_Hapa

Mmenifungua macho. Vipi usuluhishi? Kuna aliyeniambia ni kuongeza gharama tu, maana mkishindwana mnarudi kortini palepale.

Meza_Ya_Duara

Ndugu, usuluhishi unakuwa ghali pale watu wanapokuja mikono mitupu. Vikao viwili vya mwanzo vinakwisha kwa "hiyo akaunti ina shilingi ngapi?", "sijui, nitaangalia". Mje na orodha ya mali na madeni, taarifa za benki, hati za mishahara na bajeti ya mwezi ya nyumba mbili, si moja. Bajeti ya nyumba mbili ndiyo inayowatuliza watu haraka. Kila mmoja anaona kwa macho kwamba kipato kile kile sasa kinalipa kodi mbili, umeme mara mbili na vitanda viwili kwa kila mtoto.

Msuluhishi mmoja mnamgawana, kwa hiyo saa yake ni nusu kwa kila mmoja. Hata mkipatana mambo matatu kati ya manne, mahakamani linakwenda moja tu, na siku za kusikilizwa zinapungua kwa kiasi hicho. Mkimaliza, makubaliano yaandikwe na yapelekwe mahakamani yawe amri. Karatasi iliyosainiwa mezani ikabaki kabatini, siku ya kukaza, yaani kulazimisha itekelezwe, haina meno ya hukumu.

WakiliMezani

Na kila upande awe na mtu wake wa kuisoma kabla ya kusaini, hata kwa saa moja tu. "Tutatumia wakili mmoja wote wawili" inasikika kama kubana matumizi, ila maslahi yenu yanapingana na wakili mmoja hawezi kuwashauri wote. Asiyeshauriwa akija kulalamika baadaye kwamba hakuelewa, au ikigundulika mmoja alificha akaunti, makubaliano yanaweza kufunguliwa upya na mnalipa mara ya pili.

Shangazi_Mwenye_Kalamu

Mbona hamjasema la vipigo? Palipo na vitisho au kipigo, hesabu zote hizo za kubana pesa ziwekwe kando kwanza. Ombi la amri ya ulinzi sehemu nyingi halina ada, au ada yake inasamehewa, na halingoji shauri la talaka. Usuluhishi wa kukaa meza moja na anayekupiga haufai, mahali pengi umewekewa kizuizi kabisa. Na usifungue barua pepe ya wakili kwenye simu ambayo mwenzako anaijua namba ya siri.

KaraniMasjala

Asante shangazi, hilo lilistahili kukaa juu kabisa ya uzi.

Niongeze jambo la madai ya kosa. Kuna sheria zinazotaka uthibitishe kosa la mwenzako, na nyingine hazitaki. California iliacha sharti hilo kuanzia 1 Januari 1970. England na Wales ziliacha kuanzia 6 Aprili 2022: sasa ni tamko tu kwamba ndoa imevunjika, kisha angalau wiki 20 kabla ya amri ya kwanza na wiki 6 nyingine kabla ya ile ya mwisho. Kifedha tofauti ni kubwa. Kosa linadai mashahidi, mashahidi wanadai siku, na siku mmeshaiona bei yake. Kama sheria ya kwenu inakuruhusu kuchagua, chagua sababu nyepesi kuthibitisha. Sehemu nyingi kurasa ishirini za uzinzi hazibadilishi sana mgawanyo wa nyumba, zinamkasirisha tu mtu ambaye kesho unahitaji saini yake.

Kuhusu "nikishinda atanilipa gharama zangu": kwenye mashauri ya familia mara nyingi kila mtu hubeba zake. Isipokuwa mmoja aliyeficha nyaraka, kuchelewesha makusudi au kupuuza amri, huyo anaweza kutozwa. Na hata ukipewa gharama, ni zile mahakama inazoona zilistahili, si kila ulicholipa. Ndiyo maana barua ya kupendekeza maridhiano, iliyoandikwa "bila kuathiri haki", yaani isitumike dhidi yako mahakamani mkishindwana, itumwe mapema, kabla ya tathmini na kabla ya maandalizi ya ushahidi. Ikija wiki moja kabla ya kusikilizwa, saa zimeshaliwa.

Mgeni_Hapa

Na baada ya hukumu kuna kingine? Naomba iwe hapana.

Hesabu_Kavu

Pole. Kuhamisha hati ya nyumba na kadi ya gari kuna ada na kwingine ushuru wa stempu, ila ulizia: sehemu kadhaa uhamisho unaofanywa kwa amri ya talaka una unafuu, na unafuu huo wakati mwingine una ukomo wa muda. Kubadili majina kwenye pasipoti, kitambulisho na benki. Wosia mpya. Mnufaika wa bima na wa pensheni: hili watu wanalisahau, na mara nyingi mfuko humlipa aliyeandikwa kwenye fomu yao, hata kama ni mwenza wa zamani.

Kama hukumu imegawa pensheni, ulizia mfuko unataka amri ya namna gani. Mingi haikubali hukumu ya jumla. Inataka amri inayotaja jina la mfuko, namba ya mwanachama na asilimia au kiasi, yenye muhuri wa mahakama. Pateni maelekezo yao kabla ya kuandika makubaliano, rasimu iende kwao wakiisoma bado ni rasimu. Kurudi mahakamani kurekebisha jina la mfuko lililokosewa ni ombi jingine.

Mpeleka_Wito

Nakala za hati ya talaka chukua kadhaa zilizothibitishwa siku ile ile. Benki itaibakiza moja, ofisi ya ardhi nyingine, na ukitaka kuoa au kuolewa tena utaombwa nyingine. Ukiitumia nje ya nchi, nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 zinataka apostili, muhuri mmoja unaotosha. Zisizomo, hati inazunguka wizarani kisha ubalozini, na kila dirisha lina ada yake.

Mgeni_Hapa

Nimechukua karatasi, mafungu manne. Watoto tumekubaliana, ndoa tumekubaliana, matunzo bado. Mali nimeandika "hatutakubaliana kamwe", nikakuta ni kiwanja kimoja na pikipiki.

Mthamini_77

Kiwanja kina hati au mauziano ya mkono? Kama ni ya mkono, anza na mipaka na mashahidi wa mauziano kabla hujaita mthamini. Pikipiki usimwite mtu, angalia tatu za mwaka huo zinazouzwa mtandaoni, chukua bei ya kati.